Ndugu wa Kwenye Fomu

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, homa imekwisha. Goti lako je?

Nimeamka na sauti moja kichwani: Bwana Mkunjo akitua pasi ya makaa juu ya kibati chake, ka!, baada ya kila shati. Miaka sita nilifanyia kazi za shule kwenye kona ya meza yake, pale kwenye duka lako la udobi, na sauti hiyo ndiyo niliyoisikia nilipokuwa naandika ripoti ya bodi ya mishahara. Leo bodi imeipitisha: kuanzia tarehe mosi Aprili, kima cha chini cha mshahara kinapanda kwa theluthi. Kurasa arobaini, Shangazi! Nimeweka hata kifungu cha kuwalinda watu kama mke anayemsaidia mumewe dukani: jamaa wa mwenye biashara hawahesabiwi kuwa waajiriwa, na kima hakiwahusu. Sijui kama mtu anaweza kupenda kifungu. Mimi nakipenda hicho.

Ni mimi, binti wa kaka yako

21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika kwenye ngazi, lakini linapanda.

Tangazo lenu nimelisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Kurasa arobaini, na hukupata nafasi ya kuniuliza mimi? Nina watu watatu: Bwana Mkunjo wa pasi, Mama Povu wa kufua, na Kengele anayepokea nguo na kuzipeleka. Kwa kima chenu naweza kulipa wawili. Nikipandisha bei, mwalimu wa jirani ameshaniambia usoni, "Mama, suruali nitailaza chini ya godoro." Wanastahili, sibishi. Bwana Mkunjo anavaa viatu vilevile tangu wewe unavaa sare. Basi msomi wangu, nitajie: nimtoe nani?

Shangazi yako

2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sijambo, ila usingizi hauji.

Jibu nimeliandika mara tano na kulichana mara tano. Huyo mtu wa tatu yumo kwenye ripoti. Ukurasa wa thelathini na moja nimemwita "athari ndogo ya muda mfupi kwa ajira". Sikujua kwamba huenda ni Kengele. Tafadhali usimtoe mtu bado.

Binti yako

10 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Huku ni raha tupu.

Nimekisoma kifungu chako. Tangu tarehe mosi sina mwajiriwa hata mmoja! Bwana Mkunjo ni kaka yangu, kwa hiyo mwamkie vizuri: ni baba yako mkubwa. Mama Povu ni mdogo wangu. Kengele nimemzaa. Walikaa wenyewe, wakaona afadhali wabaki wote na mshahara wa zamani kuliko mmoja kwenda. Fomu imejazwa, mhuri umepigwa. Kweli elimu ni mali.

Shangazi yako, sasa mama wa Kengele

29 Mei

Mwanangu,

Mbona kimya? Hali yangu usiulize.

Mfanyakazi ukimwambia aje saa mbili, anakuja. Ndugu anakuuliza, "Kwani tunakimbilia wapi, dada?" Bwana Mkunjo hapigi pasi Ijumaa, kaka mkubwa, anasema, hatumwi. Mama Povu amehamia sebuleni na godoro lake, tena analalamika chai yangu haina majani. Na Kengele ameposwa. Washenga wamekuja kwangu! Nikawaambia, "Jamani, mimi ni mwajiri wake." Kengele akaangua kilio mbele ya wageni: "Mama, leo unanikana?" Sherehe iko juu yangu. Mfanyakazi unaweza kumwachisha kazi. Ndugu utamwachisha nini?

Sasa kicheko kimekwisha. Mkaguzi anakuja tarehe kumi na nne Juni, na anataka saini ya ndugu wa damu anayethibitisha kuwa hawa ni jamaa zangu. Fomu yenyewe imo ndani ya bahasha hii. Uongo ukijulikana leseni imekwenda, na sote wanne tuko barabarani. Saini moja tu, mwanangu.

Shangazi yako

9 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kimya changu, kilikuwa aibu. Natumaini umepata japo kiti cha kukalia sebuleni kwako.

Sikutia saini. Fomu ilikaa siku nne kwenye droo yangu, na kila nilipoifungua niliona jambo lilelile: watu wako watatu walikaa chini wakaulizana. Mimi niliandika kurasa arobaini bila kumuuliza dobi hata mmoja.

Nimemwendea mkaguzi, nikamweleza yote, na kwamba wewe ni shangazi yangu. Alicheka mpaka akavua miwani, hasa kwenye posa. Kisha akasema anayejisahihisha kabla ya ukaguzi hanyang'anywi leseni. Waandike upya kuwa waajiriwa, kwa kima kipya. Bei itapanda, na wateja wengine utawapoteza. Hilo siwezi kulipamba. Ili wote watatu wabaki, huenda kila mmoja akapunguziwa siku za kazi. Waulize wao kwanza, usiniulize mimi.

Bodi nimeiandikia kwamba kifungu changu kifutwe, na maduka madogo kama lako yapewe miaka miwili ya kupanda taratibu. Sijui kama watakubali. Mkuu wangu alinionya kuwa nikikiri undugu wetu kwa maandishi nitaondolewa kwenye kazi ya mishahara. Nimekiri. Barua niliipeleka jana kwa mkono wangu, nikasimama dirishani mpaka ikapigwa mhuri. Hii nakuandikia nikiwa masjala, meza yangu mpya.

Binti wa kaka yako