Sufuri za Doroti

Shamba la Maziwa,
Ruiru.
Jumapili, 15 Septemba 1996

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwa wenye kahawa. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na ile sketi ambayo mama, Mayi wetu, alinishonea Desemba imeanza kunibana. Goti lako linaendeleaje? Mdogo wangu Sifuna aliniandikia kwamba siku hizi unapanda kile kilima cha kanisani bila kupumzika kwa fundi wa baiskeli. Nimefurahi sana, ingawa namjua Sifuna, huenda alikuwa anatafuta njia ya kuniomba viatu. Mwambie Mayi aimalize dawa ya kifua hata kama hakohoi tena.

Katika barua yako ya Juni uliniuliza kompyuta na ng'ombe vinakutana wapi, ukaongeza kwamba wewe ungepewa kompyuta ungeiegemeza kwenye mlango wa zizi usifunguke na upepo. Nilicheka siku tatu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa bado linakua, na sasa limezaliwa, kwa hiyo vuta kiti ukae.

Hapa tuna ng'ombe sitini na wanne, na kila mmoja ana jina la mama wa Kizungu tangu enzi za mwenye shamba wa kwanza. Tuna Beti, Magi, Viktoria, na tuna Doroti ambaye ndiye habari ya barua hii. Wakamuaji huniletea idadi ya lita asubuhi na jioni, nami naziingiza kwenye kompyuta. Kila ng'ombe ana mstari wake, na kila siku ina safu yake, kwa hiyo jedwali linazidi kurefuka kwenda kulia kama reli. Ng'ombe asiyetoa kitu naandika sufuri. Kuna sufuri za siku mbili tatu tu, ng'ombe akidungwa sindano na maziwa yake yakamwagwa, na kuna sufuri zinazokaa. Kioo cha kompyuta ni kidogo, kinaonyesha siku kumi kwa wakati mmoja, na zilizopita zinajificha upande wa kushoto.

Julai nyasi zilipungua. Meneja wetu, Bwana Fahim, akaniita. Ni mtu mpole, amekulia katika duka la mabati la mjomba wake mjini Thika, na kwa hesabu hakuna anayemfikia, lakini ng'ombe yeye humtazama akiwa upande wa pili wa ua. Aliniagiza nimtolee orodha ya ng'ombe waliokauka ili wachukuliwe na mchinjaji, wabaki wanaokamuliwa. Mimi nikatazama safu ya mwisho, nikaona sufuri saba, nikachapisha majina saba. Ilinichukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Bwana Fahim alinisifu mbele ya watu, na siku hiyo nilitembea kifua mbele hata wakamuaji wakaanza kuniita Profesa. Lori la mchinjaji likaambiwa lije Jumatatu.

Siku ya pili nilimkuta Guka Kagwe akimpangusa Doroti kwa kitambaa chenye maji. Guka ndiye mkamuaji wa zizi la juu, mzee wa miaka sitini, anaishi hapa shambani na mkewe katika nyumba za wafanyakazi. Guka ni jina la heshima la babu kwao, na ni kweli ananilea kama mjukuu, maana hakuna asubuhi inayopita bila kuniuliza nimekula nini. Siku hiyo hakuniuliza. Aliniuliza kama jina likishaandikwa na kompyuta linaweza kufutika. Nilimwambia linafutika, bora sababu iwepo. Akaendelea kupangusa mahali palipokwisha takata. Nilimuuliza kama ana neno, akasema hana, yeye ni mtu wa ndoo tu, mambo ya kompyuta ni ya vijana.

Baba, nina sababu zangu za kutoiamini sufuri, na nitakueleza. Nilirudi ofisini na moyo mzito. Nikamwambia Bwana Fahim kwamba ninaishuku orodha yangu mwenyewe. Hakukasirika, ila alisema orodha imetoka kwenye kompyuta na itarekebishwa na kompyuta, kwa maana hawezi kumpigia mchinjaji simu amwambie karani ameingiwa na wasiwasi. Wakamuaji wengine nao nilipowauliza walicheka. Walisema tumbo la Doroti wanaliona, lakini nani atabishana na karatasi iliyochapishwa? Bwana Fahim mwenyewe lile tumbo alidhani ni mafuta, na mchinjaji alipopita kuwatazama alilisifu kuliko matumbo yote.

Jumamosi nikatia disketi kwenye mkoba nikaenda Thika kwa mwalimu wangu wa chuo cha kompyuta, Bi Farhiya. Ni yule niliyekuandikia habari zake, aliyekuwa akitufunika mikono kwa gazeti tujifunze kupiga chapa bila kuchungulia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema nimeiuliza kompyuta swali la kivivu nikapata jibu la kivivu. Nimeiuliza Doroti ametoa nini leo, hali nilichotaka kujua ni alitoa nini mara ya mwisho alipotoa kitu. Ng'ombe aliyekwisha hushuka ngazi, tano, tatu, moja, ndipo sufuri. Kama nambari ya mwisho isiyo sufuri ni kubwa, basi kuna jambo.

Akanionyesha fomula. Naiandika hapa uione, lakini usiisome kwa sauti, Mayi atadhani unaumwa:

=LOOKUP(2,1/(B5:CZ5<>0),B5:CZ5)

Maana yake ni rahisi kuliko sura yake. Unaiambia kompyuta ipite siku zote za Doroti, na kila siku yenye maziwa iiwekee alama ya moja. Siku yenye sufuri inailazimu kugawanya kwa sufuri, na hilo kompyuta hailiwezi, kwa hiyo inaiandika kuwa kosa na kuiruka. Halafu unaituma ikatafute mbili, na mbili haiko popote. Inatafuta mpaka mwisho wa mstari, inakosa, inakamata ile moja ya mwisho iliyoikuta njiani na kukuletea lita za siku hiyo. Kwa hiyo unaituma kitu ambacho hakipo ili ikuletee unachotaka. Bi Farhiya alisema hata watoto wa dada yake huwatuma dukani kwa ujanja wa namna hiyo. Tulicheka, akaninunulia sambusa, nikarudi Ruiru nikiishika disketi kama yai.

Jumatatu saa mbili asubuhi niliiandika fomula kwenye safu mpya na kuishusha kwa ng'ombe wote sitini na wanne. Wale sita wengine wa orodha yangu walionyesha mbili, moja, moja, mbili, moja, mbili. Doroti alionyesha kumi na moja. Baba, niliinuka kitini. Nilienda kuhesabu kwa kidole, siku kwa siku, nikirudisha jedwali kushoto, na ndivyo ilivyokuwa. Kumi na mbili, kumi na moja, kumi na moja, halafu sufuri tupu.

Nilichapisha nikakimbia kwa Bwana Fahim. Lori lilikuwa limeshafika langoni na dereva anakunywa chai. Bwana Fahim alitazama ile kumi na moja, akasema bomba haliishi maji namna hiyo, bomba namna hiyo limefungwa na mtu. Akamwita Guka Kagwe.

Guka alivua kofia. Alitusimulia kwa sauti ya chini kwamba Novemba mwaka jana bintiye alijifungua kule Witeithie, naye akaondoka mchana kumwona mjukuu, akaacha lango la zizi la juu limefungwa kwa kamba tu. Aliporudi alimkuta fahali wa shamba jirani yuko ndani na Doroti, wametulia kama mtu na mkewe. Alimfukuza fahali akafunga mdomo. Kadi ya Doroti ilikuwa imeandikwa kwamba mbegu aliyotiwa na daktari wa mifugo haikushika, na Guka hakuthubutu kuisahihisha, kwa kuwa angeulizwa fahali aliingiaje, na akifukuzwa kazi nyumba nayo imekwenda, mkewe atalala wapi. Mimba ilipofika miezi saba aliacha kumkamua apumzike, kama inavyotakiwa, akawa ananiletea sufuri. Alisema alikuwa amekwisha jiambia atamwacha Doroti aende, lakini tangu orodha itoke Jumatano chakula hakipiti kooni.

Bwana Fahim aliitazama tena ile karatasi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akatoa leso. Alisema alikuwa karibu kuchinjisha wawili kwa jina moja. Daktari wa mifugo aliitwa, akavaa glavu yake ndefu, akaingiza mkono, akasema hodi, humu ndani kuna mtu. Lori liliondoka na sita. Guka alionywa habari ya lango, akabaki na kazi yake na nyumba yake, na jioni mkewe aliniletea githeri bakuli zima.

Mwisho wa Agosti, saa nne asubuhi, Doroti alizaa mtamba, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji. Shamba zima lilisimama uani. Hata Bwana Fahim aliingia zizini na viatu vyake vya ofisini. Guka alimpa ndama jina la Sufuri, ingawa kwake r na l ni kitu kimoja, kwa hiyo anamwita Sufuli na ndama anaitika.

Sasa, Baba, nimefika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Mwaka wa themanini na saba ulikuwa ukifanya kazi kiwandani na kurudi nyumbani Jumamosi. Mayi alikuwa kwao akimuuguza mama yake, kukhu wetu. Mimi nilikuwa darasa la sita, na uliniachia Kijivu nimkamue na kuandika chupa katika daftari. Mwezi ule tulikuwa na mazoezi ya netiboli asubuhi na jioni, nami nilitaka sana kuchaguliwa. Kwa hiyo nilimfungulia ndama anyonye yote, nikaandika sufuri. Niliandika sufuri wiki tatu. Kabla ya sufuri ya kwanza kulikuwa na chupa sita. Wewe ulisoma daftari, ukaniamini mimi kuliko macho yako, ukampeleka Kijivu mnadani Chwele. Nakumbuka ulivyokaa jioni ile bila kula. Miaka yote hii nimekusikia ukiwaambia wageni kwamba ng'ombe yule alikuhadaa. Hakukuhadaa, Baba. Kijivu hakukauka. Nilimkausha mimi, kwa kalamu.

Nilimtazama Guka Kagwe, mzee mwenye mvi, akivua kofia na kusema kosa lake huku nyumba yake iko hatarini, nikaona haya. Nisamehe. Sikuwa na ujasiri wa kukwambia uso kwa uso, na hata sasa naandika huku nikilia kidogo, lakini nimepata nafuu kubwa.

Habari njema nimeiacha mwisho. Shamba hili hutunza ng'ombe wenye vyeti vya ukoo tu, na Sufuri baba yake aliingia kwa lango la kamba. Bwana Fahim amesema ndama huyo hataandikwa kwenye kompyuta, na akishaacha kunyonya ni wangu. Mimi nimemwambia ni wako. Desemba nitakuja naye, Guka ameniahidi kunisindikiza mpaka Kimilili kwa sababu anataka kuuona Mlima Elgon na anataka kukusalimu. Andaa zizi, na umwambie Sifuna akate majani.

Nisalimie Mayi, kukhu na wote wanaoniulizia, na uniandikie hata mistari miwili ili nijue bado ni mtoto wako. Sufuri akianza kukamuliwa, nitamkamua mimi kila nikiwa nyumbani. Ila daftari, Baba, tafadhali andika wewe.

Binti yako akupendaye,
Nekoye