Baba, Gari Lako Linakaa Chini Kila Asubuhi

Baba,

Leo nimelikuta tena limekaa chini, pua imegusa majani, kama limesujudu. Nilipoliwasha likajiinua upande mmoja kwanza, likikoroma, halafu ule mwingine, na mimi nimesimama pembeni nimeshika kifua. Wewe ulikuwa unasema, "Linanyoosha viungo," nami nacheka. Sasa funguo ziko kwangu na kicheko kimepungua.

Mama ametoka eda. Duka la vitenge naliendesha mimi, na wateja wako hapa Kibondo bado wanakutaja kwa huzuni, hasa wakifika kwenye bei. Mdogo wangu Mwajuma tumbo limeshuka. Daktari amesema asithubutu kungoja uchungu hapa, maana safari iliyopita alipasuliwa na mtoto hatukumpata, unakumbuka. Apelekwe mapema hospitali kubwa, Kigoma.

Mumewe yuko kazini Dar. Kwa hiyo Mama akaamua bila kuuliza mtu: "Mwana wanje, mwanangu huyu, atakwenda kwa gari la baba yake. Laini lile, halimtikisi." Wajomba wote wakaitikia. Nani atabisha? Gari jeusi la Kijerumani, viti vya ngozi, ulilouziwa na yule bosi wa shirika aliyekuwa anarudi kwao kwa haraka. Ile haraka yake ndiyo tungeitazama vizuri.

Mimi peke yangu nilijua kilichoko chini ya utepe. Ulibandika utepe mweusi wa mafundi umeme kwenye dashibodi, kipande kwa kipande, na mafundi wa hapa mjini wakakusifu, kwa sababu kwao taa ikizibwa ugonjwa umepona. Baada ya arobaini yako niliubandua. Zikawaka za injini, za gia, za breki, za ile hewa inayonyanyua gari, kama msikiti usiku wa Maulidi. Nikazima haraka, kana kwamba majirani wataziona. Kipande kimoja nilikirudisha, cha taa ya mlango, kwa kuwa mlango kweli ulikuwa umefungwa.

Tangu hapo nimejifunza kwa simu na kwa masikio. Mifuko ya hiyo hewa imepasukapasuka. Mipya ni bei ya ng'ombe wawili, na ya mtumba inatoka Dar kwa basi ikiwa na dhamana ya kiapo cha muuzaji. Gia boksi, fundi alikuambia oili yake ni ya maisha, haibadilishwi. Hakusema maisha ya nani. Thamostati, ile ya kudhibiti joto la injini, waliing'oa wakasema huku kwetu baridi, ya nini. Rejeta wakaijaza maji ya bomba, na sasa yanatoka mekundu kama udongo wa barabara ya zamani.

Juzi nikamwambia Mama nakwenda Kasulu kufuata mzigo. Uongo. Nilikwenda kulipima, peke yangu, kabla halijambeba mtu. Mpaka katikati ya njia likawa tamu kweli, Baba, hata nikakuelewa. Halafu kabla ya Makere, kwenye kilima, likashtuka, likang'ang'ania gia moja, na mshale wa joto ukapanda. Nikaegesha. Pori huku, pori huku. Lami haikunisaidia kitu; nilikumbuka tu zile hadithi zako za mabasi kusindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi, na wewe na pesa ndani ya soksi. Injini ilikuwa inadondosha maji, tone, tone, na mimi nilimwona Mwajuma kiti cha nyuma amekamata mshikio wa mlango.

Akapita mama mmoja na beseni la dagaa, akasema nisingoje mtu mwingine, ataniitia fundi. Akaja Papa Kizito, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kabla ya kunisalimia akalisalimia gari.

"Weye tena," akaliambia. Kisha kwangu, kwa Kiswahili cha kwao ambacho yaya ni dada: "Yaya, muzee iko wapi?"

Kumbe ndiye yule "rafiki wa Makere", Baba. Yule aliyekuchelewesha kila safari, Mama anapasha chakula mara tatu, wewe unaingia unanukia moshi na kusema, "Rafiki alining'ang'ania." Kwa miaka yote hiyo nilidhani una mke mwingine huko. Nilikuwa hata nimeshamzoea.

Nikamwambia umefariki. Akafunga boneti taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Halafu akaifungua tena, kwa kuwa kazi ilikuwa bado. Akacheka kidogo: "Hii motokari ni ya bakubwa. Inapenda kubembelezwa." Nikamwambia ninataka kumpakia mdogo wangu, karibu anajifungua. Kicheko kikakatika.

"Apana, yaya. Ule mama asipande humu. Mutoto wangu wa kwanza alizaliwa mu njia, tukikimbia vita. Sitaki kusema mingi."

Akafunga palipovuja kwa mpira, akaijaza rejeta maji.

Nilirudi mwendo wa baiskeli, hita imefunguliwa hadi mwisho ili injini ipumue, madirisha wazi, nimelowa jasho kwenye baridi ya Kibondo. Nikamweleza Mama yote. Akasema, "Baba yako hakuwahi kulala njiani." Nikamwambia, "Alilala, Mama. Alikuwa anakuficha usiogope." Akanitazama kama mimi ndiye niliyelivunja. Hajanisemesha mpaka leo mchana, aliponipa kanga zake mbili mpya nizitandike kwenye kiti cha gari la kukodi. Ni kale kagari ka Bwana Issa, kagumu, kiti kimepasuka, ila spea zake zinauzwa hata kando ya nyanya. Tunaondoka kesho alfajiri.

Nilidhani nikishamaliza habari ya gari hofu itaisha. Haikuisha. Imetoka kwenye injini ikaingia kwa Mwajuma. Anaposhika mgongo nasikiliza. Akinyamaza nasikiliza zaidi, na huko hakuna fundi wa kumwita kutoka kambini. Ananiuliza, "Dada, una nini?" Namjibu sina kitu. Unaona nimerithi nini.

Mungu akupanulie kaburi lako, Baba, na akupunguzie upweke wa huko. Nitakaa naye kiti cha nyuma, na mkono wake sitauachia mpaka waniambie mlangoni mwa chumba cha kujifungulia kwamba ndugu haingii. Mtoto akilia, nitakuja kukuambia wewe kwanza, kabla sijafika nyumbani. Na asipolia, nitakuja vilevile.

Mwanao,
Zaina