Nimempa Mbwa Jina la Jirani Bila Kujua

Mpendwa Ma Violeth, naomba unisaidie maana kwangu kila mtu anacheka na mimi ndiye ninayekosa usingizi. Naishi Kishanda, ni mama wa watoto wawili, na mume wangu Datius aliniletea mtoto wa mbwa jike, mweupe, sikio moja limelala, anatembea kwa maringo hata nikasema huyu hawezi kuitwa Popi kama mbwa wote wa huku, huyu anataka jina la kibibi, majina yale ya zamani ya ubatizo ambayo siku hizi hakuna anayempa mtoto, watoto wote ni Brighton na Precious. Jumapili padre akasoma nia za misa, marehemu Edvina, marehemu Benigna, marehemu Alistidia, nikasema moyoni hilo la mwisho ndilo, wenyewe wameshatangulia, halina mtu tena. Nikaanza kumwita asubuhi na jioni, Alistidia njoo ule, Alistidia acha kuku, na mbwa akalipenda.

Sasa tunapakana migomba na mama mmoja mjane, mtu mzima, tunamwita Mama Protase, na nilipoolewa hapa nikiwa sina mama ndiye aliyenipokea, ndiye aliyenihudumia nilipojifungua mara zote mbili, na kila jioni alikuwa anakuja tunamenya ndizi pamoja huku tunapiga soga. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza jina lake ni nani. Jioni moja mbwa akapotelea shambani, nikapaza sauti, Alistidia, Alistidia we, na kutoka upande wa pili wa migomba nikasikia, "Abee," na Mama Protase akatokea anakimbia, mikono ina unga, kanga inaburura, anauliza, "Nani ananiita?" Wakati huohuo mbwa naye kafika, kakaa miguuni pangu. Ma Violeth, tulicheka, Datius na watoto, mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akamtazama mbwa, akatutazama sisi, akarudi kwake.

Tangu hapo hajakanyaga kwangu. Na unajua kwetu Wahaya mbwa hapewi jina bure, mtu akikosana na jirani ndipo humpa mbwa jina la kumsema, kwa hiyo kijiji kizima kinaamini nimemtukana, na senene, wale panzi wetu wa kukaanga, walipoanguka juzi akawagawia majirani wote akairuka nyumba yangu. Halafu mbuzi wake akazaa jike, na jina alilompa ni Kemilembe, ndilo langu. Kila jioni nasikia, "Kemilembe, toka kwenye maharage, huna adabu," na Datius anaitikia kwa niaba yangu. Nimejaribu kumwita mbwa Simba, hageuki. Je, nimgawe, au nifanye nini huyu mama arudi kwangu?

Kemilembe, Kishanda, Muleba.

*

Kemilembe mwanangu, umenifanya nimwage chai juu ya barua yako, basi pokea pole yangu haraka maana nina maneno.

Kumpa mbwa jina la kibibi si kosa. Mwenye maringo hayo kweli hafai kuitwa Popi. Hata kutojua jina la jirani nakusamehe nusu, kwa sababu sisi wanawake tukishazaa jina letu linamezwa na la mtoto, na mume akifa hakuna tena wa kukuita. Hebu fikiri. Yule mama yuko jikoni, anasikia jina lake linaitwa kwa sauti kubwa, kwa mapenzi, baada ya miaka. Akaacha unga akakimbia. Alipofika mkamcheka. Umeliandika hilo ukalipita kama unasimulia mvua, kumbe ndilo kosa lenyewe, na mbwa unamsumbua bure.

Kuhusu mbuzi, tulia. Anayekuchukia hataki jina lako mdomoni mwake kila jioni. Angekuwa na hasira ya kweli angekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Huyo anakutania, na anakungoja, nawe umekaa unaniandikia mimi.

Kesho mchana nenda mwenyewe. Datius abaki, kicheko chake hatukihitaji, na mbwa afungwe. Beba mkungu mzuri, si ule ulioangushwa na upepo. Piga magoti umsalimie kama ulivyolelewa, na usiseme Mama Protase, sema Ma Alistidia. Usijitetee kwa habari za padre na marehemu, maana ukimwambia ulidhani wenye jina hilo wote wamekufa utakuwa umemzika akiwa hai. Omba radhi kwa kile kicheko tu. Kisha mwambie kwamba ulisikia majina mengi, hilo ukalipenda kuliko yote, ukataka liitwe nyumbani kwako kila siku. Huo ni ukweli na unatosha.

Jina la mbwa ataamua mwenye jina. Akisema libadilishwe, libadilishe, hata kama itakuchukua mwaka mzima kumzoesha lingine. Akisema libaki, mshukuru. Lakini mbwa aitwe vyovyote atakavyoitwa, wewe kuanzia kesho kila jioni simama upande wako wa migomba umwite yule mama kwa jina lake, kwa sauti ileile, mpaka aitike.