Usiuze Zana Zako Bado

Karakana,
Nyuma ya duka la saruji,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kitindamimba,

Salamu nyingi zikufikie huko ugenini. Hujambo wewe? Mgongo uliokuwa ukikusumbua unaendeleaje, na baridi imekuachia au bado unalala na soksi? Sisi huku hatujambo kwa jumla. Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi la msasa, ambacho sasa tumezoeana kama majirani. Shemeji yako hajambo kwa kumtazama. Habari zake kamili zimo humu ndani, soma polepole.

Barua yako niliipata Jumanne, nikaisoma kwa sauti pale karakana. Tulicheka sana kusikia umeunguza sufuria ya mwenye nyumba. Halafu nikafika pale ulipoandika kwamba kiwandani kwenu wameleta mashine ya kompyuta ya kukata mbao, na ninyi maseremala kumi na wawili mmeambiwa mkae nyumbani mpaka mtakapoitwa. Na kwamba umeshapata mtu wa kununua zana zako zote, atakuja kuzichukua mwisho wa mwezi. Kicheko kikakatika. Shemeji yako alishika ufagio akaanza kufagia mahali pasipo na taka.

Unaniuliza kama mashine itaimaliza kazi ya useremala, ili kama ni kuihama uihame mapema. Mdogo wangu, mimi ni mpiga vanishi, si mpiga ramli. Nitakueleza niliyoyaona, nawe ni mtu mzima, utapima mwenyewe kabla huyo mnunuzi hajabisha hodi.

Mashine hiyo na hapa imefika. Ng'ambo ya barabara, palipokuwa na ghala la magunia, amefungua karakana yake binti mmoja tunayemwita Injinia. Anachora mlango kwenye kompyuta, anabonyeza, anakwenda kunywa chai. Akirudi mlango umekatwa. Wiki ya kwanza alitoa milango arobaini ya nyumba za kupanga. Shemeji yako alikwenda kuchungulia akijifanya mpita njia, akapitisha kidole kwenye kiungo cha mlango mmoja. Aliporudi nikamuuliza, vipi? Akasema, "Imekata vizuri kuliko mimi." Unamjua mtu yule. Mimi mkewe, kunisifia chai tu kulimchukua miaka sita.

Basi badala ya kutulia, akaingia mashindano. Alikuwa na kazi ya milango sita ya zahanati, akaapa kuimaliza kwa siku nne. Akawa anakula amesimama, randa mkono mmoja, kijiko mkono wa pili. Siku ya nne tukaipeleka. Kuweka mlango wa kwanza kwenye fremu, nikaona uso wake umebadilika. Nafasi za bawaba alikuwa amezichimba upande wa kushoto, na fremu ilitaka kulia. Wa pili vivyo hivyo. Yote sita! Na milango yenyewe ina matundu ya hewa chini, huwezi hata kuigeuza miguu juu.

Wewe ulifundishwa na yeye, unaijua sheria yake. Kabla ya lolote, kila ubao unachorewa duara kwa penseli upande wa uso, na duara linawekwa mkia, na mkia unaelekea zilipo bawaba. "Asiyeona mkia asishike patasi." Ulikuwa ukiliimba hilo mpaka kwenye ndoto. Sasa mtunga sheria mwenyewe anaukosa mkia mara sita? Watu wakasema haraka haraka haina baraka, naye akaitikia upesi kwamba kweli ni haraka, ni mashine ile imemvuruga akili. Nikaamini. Tuliziba zile nafasi kwa vipande vya mbao, akachimba upya, nami nikapaka vanishi mara tatu, lakini viraka vinaonekana mpaka leo.

Baada ya hapo karakana ilifungwa siku tisa. Alishinda nyumbani akinipangia upya sufuria na kukaza kila skrubu, hata zilizokuwa hazijalegea. Kitindamimba, kuna wakati nilitamani mashine ije imchukue na yeye.

Aliyemtoa ndani ni Injinia mwenyewe. Alikuja asubuhi, viatu vimejaa saruji, akasema, "Shikamoo baba. Nimekwama." Makabati yake ya jiko yamekatwa bila kasoro, ila ukuta wa mwenye nyumba una tumbo, na kona ya jiko haijakaa kikona. Kompyuta inaamini kuta zote zimenyooka, na wewe unawajua waashi wetu. Shemeji yako akachukua timazi lake la kupimia kuta akaondoka naye. Alirudi jioni, kichwa cheupe kwa vumbi, anadai chakula. Nilifurahi nikakaribia kulia. Tangu siku hiyo, nyumba yenye ukuta mkaidi anaitwa yeye, na kazi zimezidi kuliko mwaka jana.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili, nisikudanganye. Kukata mbao nyingi zinazofanana, hiyo kazi imeondoka na haitarudi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini koleo limevunjika kweli. Kilichobaki ni kwenda penye nyumba, kupima, kukwangua hapa, kuongeza kijiti pale, mpaka kabati na ukuta wakubaliane. Huenda na hilo siku moja likapata mashine yake. Nasikia hata ya kupulizia vanishi ipo. Siwezi kulilia msiba ambao haujatokea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimekatazwa kukuandikia.

Wiki tatu zilizopita aliniita kwenye benchi, akanionyesha ubao, akauliza, "Hebu tuone kama umejifunza kitu miaka yote hii. Mkia umeelekea wapi?" Nikamjibu kwa mbwembwe, kushoto, mwalimu. Kesho yake akaniita tena. Siku ya tatu aliponiita, duara lenyewe lilikuwa kubwa kama mfuniko wa chupa, limekolezwa penseli mpaka ubao umeng'aa. Nikautazama ubao, nikamtazama yeye. Hakuwa akinipima mimi.

Nilikwenda stoo ya vanishi nikalia. Kisha nikarudi nikamuuliza, "Tangu lini?" Akaufunika ubao kwa kiganja. "Ile milango sita?" Akasema, "Nilidhani nimeuona." Mwaka mzima, ndugu yangu! Mwaka mzima ananiambia miwani ameisahau nyumbani, na nyumbani ni hatua ishirini. Kumbe mashine haikumkosesha chochote. Alishika patasi haoni, akaona ni afadhali watu waseme kashindwa na kompyuta.

Mficha maradhi kilio humfichua. Nilimkokota hospitali, na safari hii hakubisha. Daktari wa macho anasema jicho la kulia limeshakwenda. La kushoto linaweza kulindwa kwa dawa lisiharibike zaidi, ila alama ya penseli hataiona tena. Mikono yake mizima. Akigusa ukuta anajua tumbo lilipo kabla timazi halijatulia. Lakini lazima awe na mtu wa kumchorea na kumsomea, na mimi naweza kusoma mkia, ila kuuchora mahali pake siwezi. Hiyo ni kazi ya seremala.

Nilimwambia tutafute fundi wa kumsaidia. Akasema, "Wa kukata yupo, si ile mashine? Mimi nataka wa kuona." Nikamuuliza, kama nani? Alikung'uta makombo ya mbao kwenye shati. Baadaye akasema, "Kitindamimba alikuwa anakosea kila kitu, ila mkia hakuwahi kuukosea." Halafu akasema nikithubutu kukwambia tutagombana. Basi tutagombana.

Sikuamrishi. Huko una maisha yako, na huenda hicho kiwanda kikakuita kesho. Hata mimi naona haya kukuomba, maana ni mimi niliyekusindikiza siku ile nikakwambia usigeuke nyuma. Lakini ukiuza zana kwa sababu umesikia seremala hahitajiki tena, utakuwa umesikia nusu ya habari. Hapa yupo mtu anayekuhitaji, na hatakuandikia kamwe. Mwambie huyo mnunuzi asubiri. Kama ameshazichukua, njoo mikono mitupu, zana zipo.

Wasalimie mwenye nyumba wako na wale wenzako kumi na mmoja waliosimamishwa, waambie dada yako anawaombea. Shangazi anakusalimu, anauliza utaoa lini au umemwachia Mungu. Binti yetu mkubwa anasema picha uliyopiga na theluji umeonekana mnene, na asante kwa kuituma. Mungu akulinde, akufungulie njia palipofungwa, na chochote utakachoamua akupe moyo mtulivu.

Nilikuwa naikunja barua, shemeji yako akaingia. Ameuliza namwandikia nani kurasa zote hizi. Sikuweza kumdanganya, nimemwambia, na yaliyomo nimemwambia. Nilisubiri ugomvi. Amesimama pale mlangoni, mkono kwenye fremu. Kisha akasema nikuombe kitu kimoja: ukijibu, uandike kwa herufi kubwa sana na wino mweusi, maana hiyo barua anataka kuisoma mwenyewe.

Wako akupendaye daima, aliyekubeba mgongoni,

Dada yako.