Kupanga Viwanja vya Gofu vya Mume Wangu

Alhamisi, Nunguni. Ukungu tangu asubuhi, na manyunyu yasiyokwisha wala kuongezeka. Nilifungua duka la ushonaji, nikatia zipu kwenye sketi moja ya shule, nikafunga. Mwili haukutaka. Jana tulirudi kutoka Nuu na bado nina vumbi la huko masikioni.

Nimechoka. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani yanayofuata yameandikwa na mtu aliyetulia.

Mnaopita kwenye blogu hii mnajua ugonjwa wangu. Nacheza gofu kwenye viwanja vidogo ambavyo watu wa Nairobi hawajui kama vipo, kisha napanga kipi ni bora na kipi ni cha kupoteza mipira. Kuna kamati moja huko chini hainisalimii mpaka leo kwa sababu ya nilichoandika. Lakini kuna viwanja vitatu sijawahi kuvipanga. Mmeniuliza mara nyingi, nami nikajifanya sikuona swali. Vyote vitatu vilichorwa na mtu mmoja, na mtu huyo nimezaa naye.

Baba Syombua alianza kama kedi Nairobi, akibeba mikoba ya wenye pesa. Baadaye wakampa kazi ya kukata nyasi. Alipostaafu alirudi nyumbani na fimbo kuukuu za kuchezea, na wazimu. Alianza na kiwanja cha hapa Nunguni, kwenye mteremko wa ukoo wao. Kisha wenye machungwa wakamwita Mbumbuni. Kisha Nuu, mbali kule upande wa Mwingi, wakamtengea ardhi ambayo haikuwa ikifaa kulimwa. Mpaka leo anavihudumia vyote mwenyewe, akizunguka kama mwanamume mwenye wake watatu. Mimi ni wa nne, na zamu yangu haifiki.

Sasa magoti yake yamekwisha. Daktari amemwambia bila kuzunguka: achague kiwanja kimoja, akae karibu nacho, aache kusafiri. Na sisi wote tunajua viwili vitakavyobaki vitakuwaje. Watu wanavipenda, lakini hakuna anayeamka alfajiri kuvitunza isipokuwa yeye. Hapa watapanda viazi. Mbumbuni wataongeza michungwa. Nuu mbuzi hawatahitaji kualikwa.

Kuchagua akashindwa. Wiki zikapita akizunguka nyumba na mkongojo wake, halali vizuri, hali vizuri. Halafu jioni moja akasukuma kando sahani yake ya isyo, mahindi na maharagwe yenyewe nilikuwa nimeyachemsha siku nzima, akaniambia, "Mama Syombua, si wewe ndio hupanga viwanja? Panga hizi zangu. Ile utaweka namba one, ndio nitaenda nikae huko."

"Na nikiweka Nuu?"

"Basi tutaenda Nuu."

Tutaenda. Hakuinua hata macho.

Niseme wazi nilichokuwa nacho moyoni. Nilitaka Nunguni ishinde. Duka langu liko hapa. Kanisa langu liko hapa, na kina mama ambao nimeimba nao hadi sauti zetu zimezeeka pamoja. Binti yetu Syombua ameolewa ng'ambo ya kilima hiki, na mtoto wake mchanga ni mimi ninayemuogesha. Nimemfuata mume wangu chumba kimoja hadi kingine Nairobi, nikamfuata tena kurudi huku. Nilikuwa nimeshaamua kuzeekea kwenye baridi hii. Kwa hiyo moyo ulipanga kabla miguu haijatembea, na kilichobaki kilikuwa kutafuta sababu.

Tulianza hapa nyumbani, Jumamosi, mimi nikicheza na yeye akinifuata polepole.

Nunguni ni pazuri, hilo hakuna wa kubisha. Mvua ipo, kwa hiyo grini zake, pale penye shimo, ni za nyasi kweli, laini, unaweza kuvua viatu. Ukungu ukiondoka unaona vilima mpaka macho yachoke. Tatizo ni mitaro. Baba mkwe wangu ndiye aliyechimba mitaro ya kuzuia udongo kwenye mteremko ule, ile iitwayo fanya juu, mmoja baada ya mwingine, kwa jembe na kwa mgongo wake. Mume wangu alipochora kiwanja hakusawazisha hata mmoja. Alisema Mkamba habomoi mtaro, na akakataa kabisa kuzungumza zaidi. Kwa hiyo kila njia ya mpira imekatwa na mitaro kutoka upande hadi upande. Upige vizuri, upige vibaya, mpira unabingirika na kuingia kwenye mtaro uleule.

Kwenye shimo la pili nilipiga mpira safi kuliko yote niliyopiga mwaka huu. Uliruka, ukanyooka, ukatua pale pale nilipotaka. Niliukuta mtaroni, ubavuni mwa mpira wa mchungaji wetu tuliyekuwa tukicheza naye, ambaye alikuwa ameupiga wake vibaya kwa ukingo wa fimbo, ukaenda ukidundadunda chini.

"Hii ndio neema, mama," mchungaji akasema akicheka. "Si kwa matendo."

Nami nikacheka, maana mchungaji ni mchungaji. Lakini gofu si wokovu. Kiwanja kinachomlipa hodari na mzembe sawasawa ni kiwanja kibaya, na nimelijua hilo miaka yote bila kuliandika. Nilijaribu kujipa sababu ya mandhari. Niliandika mstari mzima kuhusu mandhari. Kisha nikaufuta.

Mbumbuni tulienda Jumatatu, jua kali, mafuta ya kujipaka yakinitiririka machoni. Kule mashimo yamepita katikati ya safu za michungwa. Kuna sheria yao moja naipenda: mpira ukiingia chini ya mchungwa unaruhusiwa kuutoa bila adhabu, lakini ukichuma chungwa unaongezewa mapigo mawili, na mwenye shamba hukaa kwenye kiti akichunga adhabu hiyo kuliko hata alama zake mwenyewe. Mashimo ya mwanzo ni mazuri, membamba, yanayokutaka utulie. Shida ni kwamba yanayofuata ni yale yale. Safu zimenyooka, basi na yeye akanyooka nazo. Kila nikisimama kupiga nilikuwa najua tayari nitafanya nini. Ni kiwanja kizuri cha mtu aliyetii mistari ya mtu mwingine. Nikakipa nafasi ya pili bila kusumbuka, na nikaomba maji.

Kisha juzi, Nuu.

Nilikwenda huko nikiwa na hasira, niseme ukweli. Barabara, joto, yeye akikunja uso kila gari likiruka shimo. Nilikuwa nimeshaandika kichwani: mbali mno, kame mno, hakuna nyasi. Na kweli hakuna. Grini za Nuu ni mchanga wa mtoni uliochanganywa na mafuta machafu ya injini ili upepo usiupeperushe. Wachezaji wanaziita brauni. Ukimaliza kuingiza mpira unachukua bomba lililofungwa kamba, unaliburuta kuanzia shimoni kwenda nje kwa kuzunguka, ili anayekuja akute mchanga umelala. Ukiondoka bila kuburuta, hakuna atakayekugombeza. Watakuangalia tu, na hutarudia.

Shimo la nne ndilo lililonimaliza. Katikati yake inapita njia ya punda kwenda kisimani. Kamati ilitaka njia ihamishwe. Baba Syombua akasema punda walitangulia kufika, akalipinda shimo badala yake. Unaposimama kuanza, njia iko mbele yako, na ng'ambo yake kuna uwazi mdogo kati ya migunga. Unaweza kupiga kifupi ukabaki huku, salama, halafu baadaye uteseke na pigo refu juu ya miiba. Au unaweza kuivuka njia kwa mpigo mmoja. Lakini punda wana haki ya kupita kwanza, daima, na punda hana haraka.

Nilisimama pale wakipita. Mitungi ya maji, kengele moja, mama mmoja nyuma yao akinitazama kwa huruma, mwanamke mzima na fimbo juani. Nikabadilisha fimbo. Nikarudisha ile ya kwanza. Nikaangalia upepo kwenye vumbi la kwato zao, nikabadilisha tena. Punda wa mwisho alipopita nilishtuka kwamba muda wote ule sikuwa nimefikiria magoti ya mume wangu, wala duka, wala Nuu ilivyo mbali. Nilikuwa nimefikiria pigo moja tu.

Nikavuka. Nikaangukia kwenye miiba, lakini nilivuka.

Pale tulicheza na Hassan, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye watu wake walishuka kutoka kaskazini-mashariki kabla yeye hajazaliwa. Hassan ana fimbo moja tu na anaitumia kwa kila kitu, hata kumfukuza mbuzi wa jirani. Hakuna mtu anayeburuta mchanga kwa makini kama yeye. Alimshika mume wangu mkono kwenye kila mteremko bila kufanya ionekane ni msaada.

"Mama," aliniambia tulipomaliza, "mzee akikuja hapa, hatakosa kitu. Hiyo magoti tutakanda na mafuta ya mkia wa kondoo. Lakini wewe andika ukweli. Number ya huruma hatutaki."

Nikamwambia nitaandika ukweli. Sijui kwa nini nilisema kwa sauti kubwa namna ile.

Njia yote ya kurudi nilifumba macho. Yeye alidhani nimesinzia.

Leo jioni, baada ya kufunga kuku, nimemsomea. Nuu ya kwanza. Mbumbuni ya pili. Nunguni ya tatu. Nimemsomea na sababu zake, zote, hata ile ya mpira wa mchungaji.

Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati kidogo.

"Nunguni tatu?"

"Tatu."

"Ni hiyo mitaro?"

"Ni hiyo mitaro."

Akatikisa kichwa, na nikaona anajizuia kucheka. Kisha akauliza swali ambalo hakuwa ameniuliza hata siku moja tangu tuoane, si tulipohamia Nairobi, si tulipotoka.

"Na wewe, utakuja?"

Nilikuwa na maneno mengi ya adabu. Yote yalikataa kutoka. Nilisema, "Sitaki."

Hivyo tu.

Akaangalia magoti yake. Halafu akasema, kwa upole ambao ulinikasirisha kuliko kama angefoka, "Basi geuza. Weka Nunguni juu. Nani atajua?"

Nilikasirika, Mungu wangu. Ndicho nilichokuwa nimekitamani wiki nzima, na sasa ananipa kwenye sahani, nami nashindwa kukimeza. Nikamwambia, "Wewe utajua. Kama unataka kukaa hapa, kaa kwa sababu mimi niko hapa. Usingoje nidanganye ndio ukae."

Nikasikia mtoto wa jirani akiitwa ndani aepuke mvua. Nikafikiri, haya, ataenda, na nitampangia nguo zake kwenye sanduku, na nitalia baadaye.

"Nakaa," akasema.

"Kwa namba tatu?"

"Kwa namba tatu." Kisha akaomba chai, kama mtu aliyekuwa shambani.

Nimempikia chai. Nimeweka tangawizi nyingi kuliko kawaida. Sasa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, mkongojo umeanguka, na mimi nimekaa na simu hii nikiandika.

Ninayo furaha. Niandike hivyo hivyo. Furaha kubwa, ya aibu. Kwa sababu kiwanja bora ambacho mtu huyu amewahi kukitengeneza maishani kitaliwa na mbuzi, mchanga utapeperuka, miiba itafunga ule uwazi kwenye shimo la nne. Angeweza kumaliza siku zake akikitunza. Badala yake atazimaliza akikata nyasi kwenye mitaro ya baba yake, ambako mpira mzuri na mbaya hulala pamoja, na sababu ni kwamba mke wake alisema neno moja. Natamani ningekuwa mtu wa kuumia zaidi kwa hilo. Labda nitaumia nikishalala vizuri.

Mpangilio siubadilishi. Kitu pekee ninachoweza kuwapa watu wa Nuu sasa ni kwamba haukuwa wa huruma.

Lakini kila mtu kule anajua maana ya namba moja. Wataisoma na watadhani anakuja. Kwa hiyo haya sitayaweka hapa leo. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua duka, nitampigia Hassan. Nitamwambia kwanza kwamba kiwanja chao ndicho bora kuliko vyote. Kisha nitanyamaza kidogo, nimwache afurahi, kabla sijamwambia yaliyobaki.