Nafasi Yako kwenye Mstari wa Shabaha

Hazel Lick,
Virginia Magharibi.
Jumapili, 18 Agosti.

Mpendwa mjukuu wangu Kendra,

Salamu zangu zikufikie huko Fairbanks, Alaska, zikukute mzima, umeshiba na umevaa soksi. Sisi huku hatujambo. Bibi yako Verna goti linamsumbua mvua ikikaribia, lakini ulimi wake mzima kabisa. Baba yako bado yuko na lori lake la magogo. Mimi sijambo kuwashinda wote. Nina miaka sabini na tisa na nafunga kamba za viatu nimesimama. Wakikuuliza huko hospitalini kwenu wazee wa milimani wakoje, waambie hivyo.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta mahali ulipoandika unakuja lini, nikakuta Machi. Nikaikunja nikaenda kuwapa kuku maji. Nilipoisoma tena ndipo nikaona swali lako, kwamba umesikia kuna watu huko wanashindana kwa bunduki ndogo za ishirini na mbili, nawe unataka kuanza lakini mshahara wa muuguzi unaishia kwenye kodi ya nyumba na kuni. Umeuliza mtu sahihi. Katika bonde hili lote hakuna mwingine wa kumuuliza.

Lakini kwanza nikwambie la moyoni, maana nikiliweka mwisho nitalikwepa. Machi ni mbali. Daktari wa macho amesema katikati ya jicho langu la kulia pana doa, na doa lenyewe linakua. Anasema majira ya baridi yakipita huenda nisikione tena kibati cha chuma cha shabaha kwenye yadi mia. Nimemwambia natungua kindi juu ya mti wa jozi tangu yeye hajazaliwa. Akasema, "Sawa, mzee, lakini doa halijui hayo." Nataka tupige shabaha mimi na wewe, siku moja, kabla halijanifunga jicho. Nimeingia kwenye mashindano haya wewe ukiwa umeshaondoka, kwa hiyo hujaniona. Na mimi sijakuona.

Haya, swali lako.

Usinunue bunduki ya gharama. Mchagua jembe si mkulima. Mimi nilianza na ileile uliyokuwa ukiwindia kindi, ya bolti, ya kuvuta kwa mkono kila risasi, yenye kitako kilichopasuka nikakifunga kwa waya wa uzio. Siku ya kwanza nilipoibeba uwanjani, Gaylon alikuwa hapo. Unamkumbuka Gaylon, aliyekuwa akileta barua. Sasa amestaafu, ana bunduki ambayo bei yake ni sawa na ng'ombe wanne. Akaitazama yangu akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Elwood, hiyo ni bunduki au ni ya kuchokorea jiko?"

"Itakuchokoa wewe," nikamwambia.

Sasa hapo ndipo lilinipata jambo ambalo sitaki likupate. Unajua baba yangu alivyotulea. Bunduki chafu ni aibu ya nyumba nzima. Basi usiku wa kuamkia shindano niliusafisha mtutu kama sahani ya mchungaji. Nikapitisha kitambaa mpaka kikatoka cheupe. Bibi yako akasema, "Mbona viatu vyako hujawahi kuvisafisha hivyo?" Asubuhi nikalala nyuma ya bunduki, nikafyatua, na risasi ikaenda kwa majirani. Ya pili ikaenda kwingine. Hakuna iliyofuata njia ya mwenzake. Shabaha yenyewe iko karibu, Kendra, yadi hamsini, mahali ambapo usiku mimi namwona sungura akikonyeza jicho! Nikasema darubini imevunjika. Nikasema upepo. Gaylon akasema, "Upepo gani, Elwood? Bendera imelala, hata nzi wamepumzika."

Anayeendesha mashindano yetu ni mama mmoja anaitwa Twila, mkulima wa miti ya Krismasi, hana maneno mengi. Akaja akachungulia kasha langu la vifaa, akaona vile vitambaa, akanipiga bega. "Umeusafisha?" Nikamwambia ndiyo, kwangu hatukai na uchafu. Akasema, "Basi umeuvua nguo, babu, unatetemeka. Upe risasi kumi na tano hivi, uvae tena." Kumbe risasi hizi ndogo zimepakwa nta, na mtutu hautulii mpaka ile nta iwe imetandaa ndani yake. Ukisafisha, ukaiondoa ile nta, unaanza upya. Mwisho wa siku risasi zangu zilikuwa zinapita tundu moja kama kondoo mlangoni, lakini shindano lilikuwa limekwisha. Nilikuwa wa mwisho. Ndiyo mara moja tu hiyo, na mtutu ndio uliokuwa wa mwisho, siyo mimi.

Kwa hiyo usisafishe kabla ya shindano. Baba yangu anisamehe huko aliko.

Pesa yako itumie kwenye risasi. Nunua boksi moja moja la kila aina uliyo na uwezo nayo, usiamini maneno ya muuzaji, ukae na karatasi ya shabaha na utulivu uone bunduki yako inapenda ipi. Inapenda kama mtoto anavyopenda chakula, huwezi kuishurutisha. Ile yangu ilikataa risasi za bei ya Gaylon ikazitema ovyo, ikapenda za bei ya chini zenye boksi la kijani. Nilimwambia bibi yako, hii bunduki ni ya ukoo wetu. Ukishaijua aina yake, nunua za kutosha kwa pamoja, kutoka mzigo mmoja wa kiwandani, kwa sababu mzigo mwingine wa aina ileile unaweza kupotoka.

Darubini ni lazima, na iwe ile inayozungushwa kwa vidole kupandisha na kushusha, yenye uwezo wa kuona karibu. Darubini ya kulungu haifai, kwenye yadi ishirini na tano inakuonyesha ukungu. Hapo utabana tumbo kidogo. Mimi niliuza ule msumeno wangu wa pili. Na ukishapandisha kwa shabaha ya mbali, ukimaliza irudishe sufuri kabla hujainuka. Jizoeze hilo kama kufunga mlango wa choo. Mwezi wa Julai nilipanda ngazi (kuna kituo ambapo unaegemeza bunduki kwenye kipago cha ngazi), nikiwa na hesabu ya kituo kilichopita bado iko juu ya darubini. Nikapiga mawingu kumi. Twila akaniita mwindaji wa malaika.

Kifuko cha kuegemezea bunduki usinunue. Chukua mguu wa suruali ya jinzi, shona chini, jaza, shona juu. Nimekata ile suruali yako uliyoiacha nyuma ya mlango, usininunie, ilikuwa imetoboka. Bibi yako akashona, nami nikajaza mchele wake bila kumwambia. Panya wakakitoboa ghalani wakala vizuri, bibi yako akaja na kile kitambaa kitupu mkononi akaniuliza, "Elwood Tharp, nani katika nyumba hii anakula wali kwa bunduki?" Sasa tumejaza vijipande vya plastiki na amani imerudi.

Mazoezi ni bure. Hakikisha bunduki haina kitu, angalia, uangalie tena, halafu tia ganda lililokwisha kupigwa ili sindano isipige chuma kitupu. Lala kwenye zulia, lenga kitasa cha mlango, fyatua taratibu. Halafu piga magoti. Halafu egemea kiti, ndoo, ukingo wa kitanda. Ni dakika mbili tu wanakupa kwa kila kituo, na anayeshinda ni anayejua kukaa, siyo anayejua kulenga. Kulenga watu wote wanajua. Mimi nafanya hivyo kila asubuhi jikoni. Bibi yako ananiruka kwenda kuchukua siagi.

Nikiwa nimelala pale chini ndipo ninapokukumbuka zaidi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ulikuwa unalala vilevile, tumbo chini, kwenye majani makavu kule nyuma ya bwawa, una miaka tisa, unatoa pumzi kwa mluzi mwembamba kabla ya kufyatua. Nilikuwa nakueleza jambo, nawe unasema, "Babu, nyamaza, unaipepea risasi." Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuninyamazisha nikanyamaza. Siku hizi nikiwa pale uwanjani namaliza kituo, nageuka kumwambia mtu nilivyoupata upepo, kumbe ninayemgeukia ni Gaylon. Nyumba ina kelele za bibi yako na redio na mbwa, na bado nasikia pale usipokuwepo. Baba yako ananiambia, "Mwache binti afanye kazi." Nani amemzuia? Nasema tu kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, na mjukuu wa mbali hamshikii babu yake bendera ya upepo.

Nilitaka nikuandikie uache hiyo hospitali uje Septemba. Nilikuwa nimeshaandika, ukurasa mzima, maneno makali. Bibi yako akausoma akautumia kuwashia jiko. Akaniambia, "Ukimlazimisha aje, atakuja, halafu atakuwa amekuja kwa sababu ya jicho lako. Unataka aje kwa hilo?" Nikachukua kofia yangu. Nilikwenda kwa Twila nikakaa kwenye gari lake la miti, nikamwambia habari yote, ambayo mimi siyo mtu wa kuwaambia watu habari.

Twila akauliza, "Fairbanks wana klabu?"

Nikasema mtoto anasema wanayo, kila mwezi, Jumamosi.

"Basi mnapiga kitu kimoja," akasema.

Sikumwelewa. Akanieleza, na mimi miaka miwili nashindana sikujua, maana huwa naangalia shabaha siangalii makaratasi. Kumbe kila mwezi ramani moja inapelekwa kwa klabu zote za nchi nzima. Vituo vilevile, umbali uleule, vibati vya ukubwa uleule, muda uleule. Kama Septemba ni ngazi na tairi na ndoo kwetu, ni ngazi na tairi na ndoo kwenu. Halafu matokeo yanaunganishwa. Jina la mtu wa Hazel Lick linakaa chini ya jina la mtu wa Alaska kana kwamba walipokezana mkeka mmoja.

Nikamuuliza Twila klabu yako inaanza saa ngapi. Akapiga simu palepale, mama huyu anajua watu wote wenye bunduki. Ni tarehe kumi na nne Septemba, saa tatu asubuhi ya kwenu, na wana bunduki ya kuazima kwa anayeanza, kwa hiyo huna kisingizio. Saa tatu yenu ni saa saba mchana yetu.

Sasa ujue kwamba mimi napiga kundi la kwanza. Kila mwezi, tangu nianze. Asubuhi upepo umelala bondeni, na atakayenipokonya nafasi hiyo hajazaliwa. Ikifika saa saba upepo unapanda kutoka mtoni, unazunguka pale kwenye kona ya msitu, hakuna bendera inayokubaliana na mwenzake. Watu wa kundi la mwisho huenda nyumbani wakilia. Nimewacheka sana.

Nikamwambia Twila aniandike kundi la mwisho.

"Wewe?" akasema. "Babu, unaumwa?"

"Siumwi. Andika."

Gaylon alikuwa amesimama hapo na soda yake. "Elwood, na hilo jicho, na ule upepo? Utaondoka na sufuri kubwa kama tairi."

"Nitaondoka nayo," nikasema. "Ni yangu."

Hakucheka. Alisema atakaa na darubini yake pembeni anisomee zinapoangukia. Nilimwambia sihitaji, lakini nadhani nitamwacha.

Basi siku hiyo lala chini polepole. Weka kifuko sawa, soma bendera, usimsikilize mtu yeyote. Kama mwanaume wa huko atakucheka bunduki ya kuazima, mwambie subiri. Toa pumzi kwa ule mluzi wako. Mimi nitakuwa nimelala vilevile huku, upande wa kulia wa mstari, na nimemwambia Twila upande wangu wa kushoto mkeka utandikwe na asilale mtu.

Nipelekee salamu kwa yule mwenzako unayekaa naye, Brenna, umshukuru kwa picha. Bibi yako anakusalimu, anasema kula. Baba na mama yako wanakusalimu, na mjomba wako Dwight, na mbwa. Mungu akulinde barabarani kwenye barafu, akupe mikono mitulivu kwa wagonjwa wako, na asiuruhusu upepo wa huko ufanane na wa kwetu.

Ni mimi babu yako nikupendaye, mpiga shabaha bora wa Hazel Lick mpaka utakaponishinda,

Elwood Tharp