Paswadi ya Matanga

Sagalla,
Jumapili jioni.

Kwako kaka Josphat,

Pokea salamu kutoka huku mlimani. Natumai u mzima huko Nairobi, wewe na watoto. Sisi tunapumua, ila ningesema tu wazima ningekudanganya. Nimeandika kwa mkono, Hudson anayesafiri kuja huko akuletee, maana simu siziamini tena.

Umeniuliza mara tatu kwa nini Mama hapokei simu zako. Leo nakueleza.

Wakati wa matanga ya Baba, Mama alisema aliyekuja kulia nasi hanyimwi maji wala waifai. Nikaandika paswadi kwa chaki kwenye mlango wa jikoni. Wewe ukafunga kamera sebuleni ili umwone Mama ukiwa mbali, ukaipa paswadi ileile, ukarudi kazini. Mimi nikabaki kuchota maji.

Kila asubuhi Mama alikuwa akiweka kikombe cha chai mbele ya kiti cha Baba. Alimgombeza kwa kumwacha, kisha akamsihi arudi. Mwezi jana mtu, hatujui nani, aliingia kwenye kamera kwa paswadi ile, akamrekodi, akairusha video hiyo kwenye kikundi cha kanisa cha mtandaoni. Watu walicheka, Kaka! Walisema mjane wa Reuben ameolewa na kiti. Mable, aliyeketi na Mama benchi moja miaka ishirini, alihama benchi. Mama haendi kanisani tena, na ile chai ameacha kuiweka.

Aliniuliza ni nani aliyepaswa kubadilisha paswadi. Nilimjibu kwamba ni wewe, na kwamba ulipuuza kwa sababu huku si kwako tena. Aliniamini. Ndiyo maana hapokei simu zako.

Kaka, nilimdanganya. Ulinipigia matanga yalipoisha, ukaniambia nibadilishe paswadi ya waifai na ya kamera. Nikakwambia nimeshabadilisha. Nilifuta chaki, basi. Nilikuwa na hasira ya kusimamiwa na mtu asiyemwosha Mama hata miguu. Nikasema moyoni, aliyeleta jicho alilinde mwenyewe. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Kamera nimeing'oa na paswadi nimebadilisha, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mama amepita hapa sasa hivi akauliza namwandikia nani. Nimesema nakiandikia chama. Sina uso wa kumwambia. Njoo, nikiri mbele yenu wote wawili.

Wasalimie watoto. Mama hajakutumia salamu.

Ni mimi dadako,
Eddah